Mpishi Aliyechorwa Kila Jumanne

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Mwanamkisi Badawi atavua aproni yake baada ya kuitumikia shule yetu ya wasichana hapa Amu, kisiwani Lamu, kwa miaka thelathini na miwili. Aliajiriwa mwaka 1993 akiwa mpishi msaidizi, akapanda hadi mpishi mkuu, na kwenye faili lake hakuna hata barua moja ya onyo. Kuna barua mbili za malalamiko. Zote aliziandika yeye, na zote ni kuhusu kuni mbichi.

Faili hilo halitaji kazi yake ya pili, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwajiri aifanye. Bi Mwanamkisi ndiye aliyekaa wasichana wetu wapate kujifunza kumchora binadamu kwa kumtazama. Kazi hiyo ndiyo iliyotuweka roho juu miezi mitatu mizima. Fomu zake za kustaafu zilipoletwa mwezi wa Agosti alikataa kutia sahihi mpaka aonyeshwe mtu atakayekaa baada yake. Wapishi wapo tele, alisema, lakini asipokuwapo mtu wa kukaa, chumba cha kuchorea kitarudi kuwa stoo. Alikuwa na haki ya kuhofu, maana jambo hilo limewahi kutokea, na aliyelisababisha ndiye anayeandika wasifu huu. Nitafika huko.

Yote yalianza mwaka 1994. Mwalimu Dawud, aliyekuwa akifundisha Sanaa, alitaka mtu hai wa kuchorwa. Wasichana wakichorana walichekana, na walimu kila mmoja alikuwa na udhuru. Akaenda jikoni. Bi Mwanamkisi alikubali upesi, na sababu yake hajawahi kuificha: alikuwa amesimama tangu saa kumi alfajiri, na huyu hapa mtu mzima anamsihi akae. Basi kila Jumanne baada ya chakula cha mchana alijifunga leso zake, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akatulia. Wenzake wa jikoni hawakuamini. Mwanamke huyu huongea hata na sufuria.

Wazazi kadhaa waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kama yafaa watoto wao kuchora sura ya mtu. Mwalimu Dawud alitaka kuitisha mkutano. Bi Mwanamkisi, aliyezaliwa na kulelewa mtaa wa Mkomani hapa Amu, alimwambia mikutano huzaa mikutano, akaenda mwenyewe kumuuliza mwalimu aliyemsomesha Kurani chuoni utotoni. Akarudi na ushauri ambao tumeufuata hadi leo: asiyetulia moyoni auache uso mtupu, na asipunguziwe alama darasani. Ndiyo maana katika michoro yetu nusu ina uso na nusu haina. Yeye mwenyewe hupenda ile isiyo na uso, kwa kuwa humo hakuna mtu wa kumbandika pua isiyo yake.

Wakongwe wa hapa hawajasahau mtihani wa mwaka 1999. Afisa mmoja aliingia kukagua, akamkuta Bi Mwanamkisi katikati ya chumba, akamsalimu kwa salamu ya Kiislamu. Salamu ni wajibu kuijibu, na wakati uleule watahiniwa kumi na wawili walikuwa wamefika mdomoni. Aliijibu yote, mpaka wabarakatuh, bila kufungua meno. Afisa akaangalia dari kutafuta sauti ilikotoka. Hakuna mtoto aliyelazimika kufuta kitu.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kugeuza kichwa, alijifunza kusimamia darasa kwa masikio. Alijua nani anatazama na nani anabuni. Penseli ya anayetazama, husema, huenda kidogo ikasimama, ikaenda tena ikasimama. Ile inayokwenda moja kwa moja haijamwona mtu. Hapo, shingo ikiwa palepale, alitoa neno lake kwa Kiamu kwamba hiyo si ndia, yaani si njia, na msichana aliyekuwa nyuma kabisa aliinua macho kwa haya. Sisi tuliozoea kusema mwenye macho haambiwi tazama tulijifunza kwamba katika chumba kile alikuwa akiambiwa, tena kila Jumanne.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka 2011 Mwalimu Dawud alihamishiwa bara. Mwaka uliofuata mimi, Jeruto, nikafanywa naibu mwalimu mkuu, na kama kila anayepewa ufunguo mpya nilitafuta mlango wa kufungua. Niliona mpishi mkuu anakaa saa nzima bila kukuna hata nazi moja. Niliona chumba kizuri chenye madirisha mawili, nami nina viti vibovu sitini visivyo na pa kuwekwa. Nikachapisha karatasi za picha, wasichana wakawa wananakili kutoka humo, na walimu wa muda waliopita mikononi mwetu walishukuru kwa urahisi huo. Bi Mwanamkisi alirudi jikoni bila kusema neno. Kwa mtu kama yeye, kimya kile kilipaswa kunishtua. Hakikunishtua, na mambo yakaenda hivyo miaka kumi.

Julai 2022 tukafanya mtihani wa majaribio. Tulikuwa tumepata mwalimu mpya wa Sanaa, Bi Fairuz, ambaye zamani alisoma papa hapa na kumchora Bi Mwanamkisi akiwa Kidato cha Pili. Swali lilitaka mtu aliyeketi akifanya kazi ya jikoni, achorwe kama anavyoonekana. Bi Fairuz akamwita mpishi. Bi Mwanamkisi akaja na mbuzi yake, leso zikamfunika hadi chini, akakaa mbele ya wasichana kumi na wanne kwa saa mbili.

Kumi na mmoja kati yao walimchora akiwa na suruali. Suruali yenye mkunjo wa pasi, goti moja juu ya jingine, na kiatu cha kamba. Ndivyo alivyokuwa amekaa bwana wa kwenye karatasi zangu, na mikono yao haikuwa imejifunza kukaa kwingine. Mtu alikuwa mbele yao, hatua nne, wakachora miguu ambayo hakuna aliyeiona.

Bi Mwanamkisi alizunguka nyuma ya madawati akitazama, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. Aliniambia baadaye kwamba iliuma. Watoto hawa hula mkononi mwake mara tatu kwa siku, na hakuna anayejua anavyokaa. Alichukua mchoro mmoja, akauleta ofisini, akauweka mezani kwangu, akauliza kwa upole kabisa kama tumewahi kumwajiri mtu huyu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilichutama. Viti vibovu vilitolewa wiki ileile, na fundi wa kuvitengeneza akapatikana kwa siku moja, jambo ambalo nilikuwa nimesema haliwezekani kwa miaka kumi.

Kufufua kitu si sawa na kukumbuka kilivyokuwa. Wasichana waliogopa kumtazama mtu mzima usoni, wakihisi ni utovu wa adabu. Vifutio viliisha haraka kuliko penseli. Ili Bi Mwanamkisi apate nafasi, ilibidi Jumanne iwe siku ya githeri ya mahindi na maharagwe, ambayo hupikwa mapema ikajilinda yenyewe jikoni, na watoto wa pwani wakanuna muhula mzima. Mimi wa bara nilikula kwa furaha. Lakini kufikia mwaka 2023 hakukuwa na suruali hata moja, na nikiwa dirishani nilisikia penseli zikienda, zikisimama, zikienda tena. Mwaka jana waliofanya somo hilo walikuwa kumi na saba, wote wakapita, na bodi ya shule iliyokuwa imeshika wembe wa kulikata somo ikauweka chini. Siku hiyo nililia, sioni aibu kusema.

Ndipo zikaja fomu za kustaafu, na swali la nani atakaa. Tulijaribu. Bwana Hillary wa getini alilala dakika ya sita, akakoroma ya nane. Bi Khairiya wa mapokezi alikaa vizuri mpaka simu ilipolia. Mwalimu mkuu alidumu dakika tisa kisha akakumbuka mkutano. Bi Mwanamkisi alimtazama kila mmoja kwa adabu akarudi jikoni, na fomu zikabaki mezani kwangu. Ofisi ya pensheni ya Nairobi ilipiga simu mara mbili kuuliza kulikoni. Yeye hakuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa tayari kupoteza sherehe, na pensheni yake icheleweshwe, kuliko kuondoka na kusikia mwakani kwamba watoto wamerudi kwenye karatasi.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikaa mimi. Sikupenda. Kwa miaka kumi na mitatu ya unaibu wasichana wamenitazama ili kujua tu kama leo nina hasira. Kutazamwa na watu kumi na tisa wanaotaka kujua bega langu linaishia wapi ni jambo jingine. Dakika ya kumi pua iliniwasha. Ya ishirini mguu wa kushoto ulikufa. Ya thelathini nilielewa kazi aliyokuwa akiifanya mama huyu wakati mimi nilidhani anapumzika, na miaka ile kumi ikaniliza. Sikuweza hata kufuta machozi, kwa sababu msichana wa mbele alikuwa kwenye jicho.

Bi Mwanamkisi alisimama nyuma ya madawati saa nzima. Saa ilipokwisha aliipitia michoro yote, mmoja mmoja. Akaniambia nimeketi kama mtu anayengoja kesi, lakini nimeketi, na hayo mengine yatafundishika. Kisha akaomba kalamu. Bi Fairuz alifurahi, akamkimbilizia na karatasi safi, akidhani hatimaye mama anataka kuchora. Bi Mwanamkisi akairudisha karatasi. Alitaka zile fomu.

Zilipoletwa alitia sahihi palepale, kurasa zote nne, na shule nzima ikashusha pumzi.

Bi Mwanamkisi, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wasichana wote uliowalisha na waliokuchora, asante. Umetufundisha kumtazama mtu kabla ya kumsema. Mungu akujaalie afya, na miaka mingi ya kukaa utakavyo na kuinuka upendapo.