Mama Pindo, Fundi Aliyetafuta Pini

Ndugu waombolezaji, mume wa marehemu ameomba asisimame hapa leo kwa kuwa amechoka, nami mdogo wake simlaumu, hivyo kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya shemeji yetu, fundi cherehani mliyemzoea kwa jina la Mama Pindo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa dobi, akamaliza shule ya msingi mwaka 1975, na chuo cha ushonaji mwaka 1979, akafungua chumba cha kazi nyuma ya stendi ya mabasi, akashona sare za nusu ya mtaa huu, wakiwemo baadhi yenu mnaojifanya mmesahau suruali zenu zilivyokuwa zikishushwa pindo kila mwaka. Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na kaka yangu, mpaka rangi wa majumba, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 1996 pini ilisahaulika kwenye kola ya sare, ikamchoma mtoto wa mteja, likatoka tone la damu, mama mtu akacheka na yakaisha, ila kwa shemeji hayakuisha. Madaktari walitueleza baadaye kwamba pini haikuleta ugonjwa huu wa akili, wa hofu na kukagua kusikokoma, bali ulikuwa ukimnyemelea tangu ujana wake. Alipapasa kila mshono, akafumua nguo zilizokwisha kushonwa, akawafuata wateja majumbani, viganja vikatoka vidonda, akafunga chumba cha kazi, na mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa hakuweza kumpakata, akihofia kwamba yeye mwenyewe ana pini mahali.

Sisi tulidhani tunamsaidia. Kaka akirudi kazini, rangi ingali kwenye kucha, alimpapasia mashuka na mapazia, akamwambia hakuna pini, naye akauliza tena. Daktari wa akili alitukanya kwamba kila jibu linaulisha ugonjwa, tukaitikia vizuri mbele yake, tukarudi nyumbani na kuendelea, maana kumtazama mtu wako akilia ni kazi ngumu. Dawa alikunywa, tiba ya mazungumzo alihudhuria, nafuu haikukaa.

Tarehe 11 Februari 2014, katika hospitali ya rufaa, alipasuliwa, nyaya nyembamba zikapitishwa ndani ya ubongo wake, zikaunganishwa na kifaa cha betri chini ya ngozi ya kifua, kinachopeleka umeme mdogo sana. Tulitegemea swichi iwashwe na mambo yaishe, kumbe ilikuwa miezi ya kwenda na kurudi, kurekebisha na kusubiri, hadi siku moja alimnyanyua mjukuu bila kumuuliza mtu, akakaa naye, na sote tukajifanya tunatazama dirishani. Betri ilipochoka, mwaka 2018, hofu ilirudi mpaka ilipobadilishwa, tukajua ugonjwa ulikuwa umezuiwa tu.

Aliyebaki na mazoea ni kaka, ambaye aliendelea kupapasa mashuka kila jioni, hata shemeji alipokuwa amekwisha kulala, mpaka akaambiwa, "Mume wangu, njoo ulale. Hata kama ipo, tutalala nayo."

Mwaka jana aliugua homa ya mapafu, akapona, ikamrudia tarehe 30 Mei mwaka huu, akafariki tarehe 6 Juni, mumewe akiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia hodi zake, na mafundi wenzake, hasa mwanafunzi wake wa ushonaji, ambaye ndiye aliyemshonea gauni alilovaa leo. Gauni hilo lilipoletwa asubuhi, kaka alinyoosha mkono kwenye pindo, kisha akaurudisha mkono mfukoni, akasema, "Kama ipo, atalala nayo."

Shemeji, pumzika kwa amani, na mikono yako ipumzike.