Ngazi Niliyolala Nayo

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na aliyeacha chungu kikichemka nyumbani, asifiwe na aliyekuja hapa tumbo tupu na hakumwambia mtu. Mimi ni Mama Yakobo wa hapa hapa Pongwe. Wengi wenu mnanijua kwa jina lile jingine, Mama Ngazi, na msijifanye hamlijui. Leo nimeomba kusimama ili niwaeleze jina hilo lilitoka wapi, na Mungu aliniopoaje humo.

Mimi nilizaliwa juu, upande wa Muheza, kwa Wabondei. Nilipokuwa binti wa kubeba mtungi mdogo walishuka nzige, wakala mashamba mpaka mabua. Mama yangu alikuwa mtu wa mkono wazi. Aliyekuja na kikapu alipimiwa mahindi, aliyekuja bila kikapu alifungiwa katika pindo la kanga ya mama mwenyewe. Watu wakamsifu sana. Kisha akiba ikaisha, mvua zikakawia, na mdogo wangu Samweli, ambaye alikuwa akilala mgongoni mwangu mchana, akafa kwa njaa. Sikumlaumu mama kwa kinywa. Ila moyoni nilijiwekea sheria yangu peke yangu: anayegawa huzika.

Na sheria hiyo, ndugu zangu, nilikuja nayo Pongwe nilipoolewa. Baba Yakobo alikuwa mkata mkonge, anapata posho ya unga kila wiki, na miaka ile mkonge ulikuwa na bei, hatukuwa na shida. Lakini mimi nililima kama mtu anayefukuzwa. Jikoni kwetu, banda la makuti nyuma ya nyumba, mama mkwe wangu alikuwa na dari lake la miti juu ya mafiga. Alinifundisha kuyafunga mahindi mawili mawili kwa maganda yake na kuyapanga humo, moshi uyapate kila siku, maana mdudu hapendi moshi. Kunde tulizichanganya na majivu, tukazitia katika vibuyu na kuziba mdomo kwa udongo. Kulikuwa na makopa ya muhogo, na ng'onda tuliopata kwa watu wa Tongoni, samaki waliopasuliwa wakakaushwa wakawa wagumu kama gome la mti. Nikilitazama dari lile nilikuwa napumua.

Lakini nilipumua mchana tu. Jua likizama niliiondoa ngazi ya dari, nikaiingiza chumbani, nikailaza kando ya kitanda. Mnacheka. Chekeni, hata Baba Yakobo alikuwa akicheka mwanzoni, mpaka alipojikwaa akaumia kidole cha mguu. Aliniambia, "Mama Yakobo, mimi nimeoa mke mmoja, sasa naona tuko watatu." Sikumjali. Akiba haiozi, nilimjibu, na ngazi ikabaki palepale.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bi Mwanasha, Mdigo, Mwislamu, mwanamke mnyamavu mwenye watoto watatu. Mumewe alikuwa amekwenda Pemba kuchuma karafuu. Yeye na mimi tulikuwa tukipelekeana chakula kama ilivyo desturi ya pwani hii, na mnajua desturi yenyewe: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nikimpelekea mbaazi, bakuli langu linarudi na bamia. Siku ya Idi akileta sahani ya pilau, sahani inarudi na ndizi. Nililelewa hivyo na yeye alilelewa hivyo, wala hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba desturi nzuri kama hiyo inaweza kumfunga mtu.

Ukaja mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vyenye picha ya Malkia wa Uingereza. Vuli haikunyesha. Masika ikaanza kidogo, ikatuhadaa tukapanda, kisha mbingu zikafunga. Kwenye mkonge kazi ikapunguzwa na posho ikapunguzwa nayo. Wakati huo mwanangu wa mwisho, Neema, alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Nilikuwa nikimtazama nikiona uso wa Samweli. Nililipima dari kwa macho asubuhi na jioni, na hesabu yangu ilikuwa moja: likiguswa na sisi peke yetu, Neema atafika mavuno. Likiguswa na mwingine, sijui.

Hata hivyo, desturi ni desturi. Nilimpelekea Bi Mwanasha kunde katika bakuli langu la bati lenye ua jekundu, na bakuli likarudi na majani ya mchunga. Nikapeleka tena, likarudi na chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Mara ya tatu halikurudi. Nikangoja. Kwake moshi ulikuwa ukitoka kila jioni kama kawaida, kwa hiyo nikasema moyoni, wanapika, wana chao, mwenzangu amenikalia na bakuli langu tu. Nikaenda kulifuata.

Nilibisha hodi, akanikaribisha. Bakuli langu lilikuwa juu ya kinu kilichogeuzwa, limeoshwa likang'aa. Watoto walikuwa wamekaa ukutani, hawachezi. Chungu kilikuwa motoni, na mimi kwa mazoea ya kike nikainua kifuniko. Kulikuwa na maji na chumvi, basi.

Bi Mwanasha hakuona haya kuniangalia. Alisema, "Bakuli lako nimeliosha, Mama Yakobo. Nangoja nipate cha kutia ndani ndipo nilirudishe."

Nikamwambia alilete hivyo hivyo nimtilie kitu.

"La kwanza halijarudi," akasema, "la pili nitalipokea kwa mkono gani? Baba yao yuko Pemba, atakuja. Mimi si wa kuombaomba."

Ndugu zangu, nilitoka pale, bakuli nikaliacha juu ya kinu. Mwanamke yule alikuwa akiwasha moto kila jioni ili sisi tuone moshi tusimwonee huruma. Na nitasema kweli hapa mbele za Mungu, nilipofika nyumbani sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi kwamba amekataa. Niliogopa.

Nilimweleza mama mkwe. Yeye alikuwa akikaanga mbegu za maboga, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Huyo hapokei kwa sababu kupokea kunamdai. Basi usimpe. Mwombe."

"Nimwombe nini, mama, na yeye hana kitu?"

"Mwombe akutunzie mahindi. Mti mmoja wa dari umeliwa na mchwa, mimi nimeuona, si uongo. Mwambie dari limezidiwa, unaomba uweke amana kwake. Na umwambie mlinda chakula halali na njaa. Mtu akikutunzia mbuzi si anakamua maziwa?"

Nikaona ni shauri jema. Nikasema, vizuri, nitampelekea mafungu mawili matatu. Hapo ndipo mama mkwe alipoinua kichwa. "Mafungu matatu? Dari la nani huzidiwa na mafungu matatu? Bi Mwanasha si mtoto, mwanangu. Atajua ni sadaka imevaa kanzu, ataikataa. Ukitaka akuamini, peleka nusu."

Nusu. Nilitoka nje. Baba Yakobo nilipomuuliza alisema tu kwamba dari ni letu sisi wanawake, na kwamba lolote tutakaloamua yeye atakula kitakachokuwepo. Nikaenda jikoni peke yangu, nikakaa juu ya kipago cha chini cha ngazi yangu, nikajaribu kuomba. Nikaanza sala ile tunayoisali wote, nikafika pale tunapoomba riziki ya leo, nikakwama. Kwa maana sikuwahi kuomba ya leo maisha yangu yote. Nilikuwa naomba ya leo, na ya kesho, na ya mwaka ujao, na ngazi chumbani juu yake. Nikamwambia Mungu, mimi siwezi. Nikalia, nikamwambia, nikigawa Neema atakufa, nisipogawa wale watatu watakufa nikiwasikia ukutani. Sikusikia sauti yoyote, nisiwadanganye. Nilichosikia ni kwamba nimechoka. Nilikuwa nimechoka kulinda, tangu utoto wangu. Nikasimama nikapanda, nikaanza kushusha mahindi kabla moyo haujageuka.

Tulibeba jioni ile, mimi na mama mkwe, vikapu kwa vikapu, na kibuyu kimoja cha kunde. Nilimwambia Bi Mwanasha habari ya mchwa na mti wa dari. Nadhani alijua, lakini nusu ya dari ilikuwa mbele yake, na nani hupeleka mzaha mzito namna ile? Akasema, "Amana ni jambo kubwa, Mama Yakobo."

Nikamjibu kama nilivyofundishwa: "Ndiyo. Na mlinda chakula halali na njaa."

Akapokea. Akajengewa dari dogo na shemeji yake, juu ya mafiga yake, na usiku ule sikulala. Nilikuwa nikiishika ngazi kwa mkono mmoja.

Sasa sikilizeni Mungu alichofanya. Hazikupita wiki nyingi. Ilikuwa adhuhuri, upepo ukivuma tangu asubuhi, makuti yamekauka kwa ukame. Mama mkwe alikuwa uani akipeta makopa, mimi nilikuwa nimeinama kumwogesha Neema. Cheche moja ikaruka kutoka mafigani ikaenda kwenye makuti. Tulipoinua macho paa lilikuwa limeshika. Watu walikuja mbio na mchanga, maana kisima kilikuwa kimeshuka sana na maji hayakutosha. Dari likaanguka ndani. Mahindi yakaanza kupasuka humo motoni, na harufu ya mahindi ya kuchoma ikatanda Pongwe nzima, watoto wakatoka majumbani wakikimbilia harufu ile kama wanakimbilia karamu. Moto ulipopoa walichambua majivu wakila punje zilizosalia. Sikuwakataza. Nilikaa chini nikaitazama ngazi yangu. Ilikuwa uani nilikoiacha asubuhi, nzima, haikuungua hata kipago. Ngazi ninayo, dari sina.

Nikajua Neema anakufa. Nilisema kwa sauti, mama mkwe alinisikia, "Nimegawa, nimezika." Ile sheria ya utotoni ikanirudia yote.

Kabla ya magharibi nikasikia hodi. Alikuwa Bi Mwanasha, watoto wake wako nyuma yake, na mkononi ana bakuli langu la bati lenye ua jekundu. Ndani yake kulikuwa na ugali wa moto na mboga ya kunde juu. Akaliweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Bakuli lako," akasema. "Uniwie radhi limekawia."

Akakaa chini pamoja nami katika majivu, akasema, "Amana yako ipo, Mama Yakobo. Tumekula, ila tulichanganya na ndiga niliyochimba porini nikailoweka mpaka sumu ikatoka, kwa hiyo mengi yamebaki. Njooni mpike kwangu mpaka mjenge." Nikaanza kusema kwamba nitapokeaje, yale ni yake sasa ya kulishia wanawe. Akanikata kauli, na kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze nilimwona anacheka. "Mlinda chakula halali na njaa," akasema. "Na mwenye chakula je, yeye ndiye alale nayo?"

Neema alikula katika bakuli lile. Nilimlisha kwa vidole vyangu, akafumba macho kwa utamu. Tangu siku hiyo hatukupelekeana chombo tena mwaka ule. Tulipika chungu kimoja, tukala sinia moja, yeye akisema bismillahi na mimi nikifanya ishara ya msalaba, na alinifundisha ndiga, na mimi nikamfundisha kutia majivu kwenye kunde. Mavuno yalipokuja yalitukuta sote, watoto wake watatu na wangu. Mume wake alirudi kutoka Pemba akawakuta wananenepa, akadhani tuna posho ya siri.

Nimefikiri sana baadaye juu ya mama yangu. Haikuwa kugawa kulikomwua Samweli. Mama aligawa, watu wakaondoka na vikapu vyao wakimsifu, na akiba yake ilipokwisha hakuna hata mmoja aliyekuja kuinua kifuniko cha chungu chake. Nilichukia kitu kisichokuwa na kosa, miaka yote ile. Mungu alinitoa katika hofu hiyo kwa moto, na nusu niliyoipeleka nikitetemeka ndiyo aliyonirudishia.

Ndugu zangu, sisemi msiweke akiba. Wekeni. Kausheni, fukizeni, zibeni vibuyu vizuri, maana masika ni mjanja, na dari langu jipya limejaa kuliko la kwanza. Nasema tu, inua kifuniko cha jirani yako, hata kama moshi wake unauona. Na kama anaona haya kupokea, mtafutie njia ya kupokea ambayo haimwinamishi. Mwamini Bwana kwa nusu iliyobaki.

Ngazi yangu bado ninayo. Iko uani, kati ya nyumba yangu na ya Bi Mwanasha, usiku na mchana, na anayetaka kupanda anapanda. Mvua ya juzi imeinyeshea, imeanza kuoza kipago kimoja, na mimi nalala usingizi. Leo mkifika nyumbani, tazameni: yenu inalala wapi?