Ameacha Mume na Watoto Saba

Wapendwa, amani ya Bwana iwe kwenu. Mkishangaa kuniona nimesimama hapa, tushangae wote. Kutoka kwangu Shangani hadi kanisani ni mwendo wa dakika kumi, na miaka yote nimekuwa hodari wa kutafuta sababu za kutoutembea. Mvua, jua, kuku anaatamia.

Kazi yangu misibani ilinifaa kwa sababu niliifanya nikiwa nimekaa. Nilifika kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, basi akifa mtu wa jumuiya naletewa daftari niandike wasifu wa marehemu. Nawaungamia leo: wasifu ulikuwa mmoja tu. Nabadilisha jina, ugonjwa na aliowaacha. Mwisho ulikuwa uleule kwa kila mtu: "Hatumuagi moja kwa moja, maana tunalo tumaini la kumwona tena siku ya ufufuo." Nimewaandikia wengi sentensi hiyo, na sikuwahi kuiwaza.

Asubuhi ile mume wangu alikuwa anapiga pasi shati la kazi, anawahi zamu bandarini. Nikamtania kutoka jikoni kwamba makontena hayaangalii mikunjo. Akacheka. Nikasikia kicheko, kisha nikasikia pasi inaanguka. Nikamwambia akiivunja atanunua nyingine. Nilipotoka na sahani yake ya muhogo, alikuwa sakafuni. Mtu ambaye hakuwa ameumwa hata kichwa. Nilifika hospitali nikiwa bado na ile sahani, ndugu zangu, na daktari aliponiambia amefariki, sikuiachia. Ni jirani yangu, mama Mwislamu wa nyumba ya pili, aliyenibandua vidole kimoja kimoja. "Lete, mama. Nitakushikia mimi."

Nyumbani nikalikuta shati. Mkono mmoja umenyooka, mwingine una mikunjo.

Halafu wakaniletea daftari. Nani mwingine angeandika? Nikafungua wasifu wa mwisho, wa bibi tuliyemzika mwezi uliotangulia, nikanakili. Jina nilibadilisha. Nilidhani nimebadilisha yote.

Makaburini mzee wa kanisa akausoma kwa kipaza sauti: marehemu aliimba kwaya ya akina mama bila kuchoka, na ameacha mume na watoto saba. Mume wangu, jitu la bandarini lenye ndevu. Tena sisi, ambao hatukujaliwa hata mtoto mmoja. Mtu akacheka, akageuza kuwa kikohozi, na mara makaburi mazima yakashikwa na kikohozi. Msiniangalie hivyo, mlikuwepo.

Lakini kilichonishtua si hicho. Mzee alisoma mpaka ile sentensi ya mwisho, nami nikajua hata hiyo nimeinakili. Mchanga ulikuwa unaporomoka ukingoni mwa kaburi, na moyoni najiuliza kama ninaiamini. Mimi, niliyewaandikia wafiwa wote.

Nikajifungia, na safari hii haukuwa uvivu. Mlikuja kusali, nikawajibu kupitia dirishani kwamba nina mafua. Mafua ya miezi mitano. Jirani tu ndiye aliyeingia na uji, akangoja ninywe, akaondoka na bakuli.

Alasiri moja nikasikia hodi. Alikuwa mume wa yule bibi, na fimbo yake, amevuka mji kwa miguu. Nikajua amekuja kunisema kwa kumpa mkewe ndevu. Nikaanza kuomba radhi.

"Mwanangu, aliyecheka siku ile ni mimi," akasema. "Sikuwa nimecheka tangu nimzike. Yeye angecheka kunishinda."

Akatoa mfukoni karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo: nakala ya wasifu wa mkewe, kwa mwandiko wangu. Binti yake alikuwa akimsomea ile sentensi ya mwisho kila asubuhi, sasa amerudi kwa mumewe, na macho ya mzee hayaoni tena herufi. Akataka nimsomee mimi.

Nikamwambia ukweli, kwamba maneno yale niliyanakili tu na sijui kama nayaamini.

"Hilo sikukuuliza. Maneno si yako, wewe ulishika kalamu. Soma."

Nikasoma. Nilipofika "kumwona tena" sauti ikakatika, nikalia kilio ambacho sikulia msibani. Mzee akangoja mpaka nikanyamaza.

"Rudia," akasema. "Hapo mwisho umemeza."

Nikarudia. Akawa anakuja kila Alhamisi. Alhamisi ya nne mguu ulimuuma, ikabidi niende mimi. Jirani aliponiona nimevaa viatu akauliza kama nyumba inaungua. Na sijui ni lini, lakini kuna siku njiani niliisema ile sentensi peke yangu, bila karatasi, na niliyemtaja ni mume wangu.

Namshukuru mzee wangu wa Alhamisi, amekaa pale nyuma. Namshukuru jirani yangu. Sahani bado anayo. Nanyi mliokuja kusali dirishani, nawashukuru, mimi na mafua yangu. Ninachowaambia ni hiki: tumaini likikupotea, usijifungie ukilingoja. Nenda kamsomee mwenzako, nawe utasikia.

Shati nimeliacha vilevile. Ila wasifu nimeuandika upya, na huu sikuunakili kwa mtu: "Alipiga pasi vizuri, akacheka vizuri. Ameacha mke mmoja, asiyependa kutoka nyumbani. Siku ya ufufuo atatoka mapema."