Mkemia Aliyeitwa Taratibu

Marehemu baba yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Machi 1964, saa kumi na moja alfajiri, manyunyu yakianguka, akiwa mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe mkunga. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1977, sekondari mwaka 1983, na mwaka 1987 akahitimu shahada ya kemia.

Tarehe 4 Januari 1988 aliajiriwa na kiwanda cha baruti ya kupasulia miamba, akapanda hadi kuwa mkemia mkuu, na wenzake wakambandika jina la Taratibu, kwa kuwa hakukimbia, hakubamiza mlango, wala hakuvumilia kishindo katika chumba cha kuchanganyia. Alifunga ndoa na mama tarehe 8 Agosti 1992, akachelewa kwa mwendo wake uleule, hata shangazi akamtania, "Kaka, huyu ni bibi harusi, si baruti," naye akajibu, "Wewe hujamwona akikasirika." Walijaliwa watoto watatu, na tangu 2021 kitinda mimba wetu ni mchanganyaji katika chumba hichohicho.

Kazi ya baba ilikuwa kuamua baruti itiwe nta kiasi gani, kwani nta ikizidi mwamba haupasuki, na ikipungua baruti humlipukia anayeichanganya. Kwa hiyo aliamuru chuma cha kilo mbili kidondoshwe juu ya kila sampuli, na ile inayolipuka chuma kikidondoka kutoka kimo cha chini ya sentimita thelathini na tano, mchanganyiko wake wote uteketezwe.

Tarehe 20 Februari 2024 alilazwa kwa saratani ya kongosho, na wakati huohuo wenye machimbo wakalalamika kwamba baruti imelegea, nta ikaanza kupunguzwa. Kila jioni alimuuliza kitinda mimba, "Inalipukia kwenye sentimita ngapi sasa?" naye akajibu, "Palepale, baba," na baba akavitazama viganja vya mwanawe. Mara mbili aliomba simu ampigie meneja, ikaita mpaka ikakatika.

Alifariki Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, saa nane mchana, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, nanyi wenzake wa kiwandani mliokuja mmevaa sare, kwani zamu inawangoja, kama itakavyomngoja kitinda mimba Jumatatu.

Baba, pumzika kwa amani. Na lile swali lako, ambalo mwanao ametuomba tukujibu maana yeye ameshindwa, kipimo cha wiki hii ni sentimita ishirini na mbili.