Mama Nguzo na Bamba la Ukumbini

Ijumaa ijayo, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kilatini, mwalimu ambaye chuo kizima kinamwita Mama Nguzo atarudisha funguo za chumba namba tisa. Mimi, mkutubi, nimemwomba arudishe pia ngazi ya maktaba aliyoiazima mwaka wake wa pili. Bado tunajadiliana.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Somo lake ni mashairi ya Roma ya kale, hasa enzi za makaisari wa kwanza, waliojenga mahekalu, kumbi za maonyesho na mabafu ya umma kama watu waliopagawa. Ili shairi la kusifu hekalu lieleweke, huwapanga wanafunzi koridoni, mikono juu, wawe nguzo, naye akapita katikati akisoma. Mlinzi mmoja, siku yake ya kwanza kazini, alipita hapo akapangwa naye. Alisimama mikono juu dakika arobaini, kwa adabu tu.

Mumewe ni fundi bomba. Siku moja alimwalika darasani aeleze jinsi Warumi walivyopitisha maji juu ya matao hadi mjini. Alieleza vizuri mno, wanafunzi wawili wakahamia ufundi bomba. Idara ikabaki na watatu, na minong'ono ya kuifunga ikaanza.

Wakati huohuo mkuu wetu wa chuo alikuwa amemaliza kujenga ukumbi wenye nguzo nane, akataka bamba la kuusifu, kwa Kilatini. Mama Nguzo alikuwa ameshaandika barua nne kwamba paa la ukumbi huo linavuja, bila kujibiwa. Akisifu, atakuwa amedanganya. Akikataa, idara imekwenda. Mwishowe alikuja maktaba akaniambia, "Washairi wangu walimsifu Kaisari, na ukweli wakaufungia ndani ya sifa. Ngoja na mimi nijaribu."

Bamba likachongwa. Mkuu akafurahi, idara ikasalimika, na kwa miaka sita tukapiga picha za mahafali mbele ya bamba hilo. Ndipo akaja profesa mgeni, akalisoma kwa sauti mbele ya baraza zima na kulitafsiri bila kuombwa: "Mkuu alitujengea ukumbi, mbingu zikaongeza bafu."

Tone la maji likadondoka kutoka paani juu ya kipara cha mkuu.

Mama Nguzo akasimama, akakiri kuwa maneno ni yake.

"Miaka sita, na hakuna aliyeniambia?" mkuu akauliza.

Akamjibu kwa upole kwamba alikuwa akimwambia kila siku, kwa maandishi, ukutani.

Mkuu akacheka mpaka akashikilia meza. Paa likatengenezwa mwezi uleule. Mwaka uliofuata watu ishirini na saba walijiandikisha Kilatini, wengi wakitaka tu kujua kuta nyingine za chuo zinawasema nini. Mkuu naye alijiandikisha. Alifeli mara mbili, na alisahihishiwa bila upendeleo.

Jambo moja wengi hawalijui: Mama Nguzo hajawahi kufika Roma. Mwezi ujao anakwenda, na mumewe amekubali kuzunguka magofu siku nne mfululizo, mradi ya tano wakae chini.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha kusoma kwa makini na kucheka kwa sauti. Nenda ukayaguse mawe hayo kwa mkono wako mwenyewe. Afya iwe njema, miguu iwe myepesi, na siku zako zote zijazo ziwe za raha.