Mektrida na Masale ya Kirua Vunjo

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Mektrida, yule mama wa bustani tuliyekuwa tukimtazama kwenye televisheni kila Jumamosi. Mektrida hatunaye. Amefariki wiki iliyopita nyumbani kwake Shirimatunda. Moyo ulimsumbua muda mrefu. Jana amezikwa kihambani, shamba la ukoo wa mumewe, Kilema.

Wengi mlimjua kwa ile ndoo. Kipindi kinaanza, mama anainua ndoo kwenye kamera, mwanga unapita kwenye matundu. "Una ndoo iliyotoboka? Basi una bustani." Na watu walimwamini. Hapa Moshi mjini, kwenye nyumba za kupanga ambazo uwanja wake unatosha kuanika nguo tu, sukuma wiki iliota kwenye magunia. Mchicha uliota kwenye mabeseni mabovu.

Binti yake, Gladys, anacheka huku anafuta machozi. "Nilikuwa naona aibu kutembea naye. Anasimamisha bodaboda katikati ya barabara, eti ameona beseni limetupwa!"

Mektrida alisoma hadi darasa la saba. Kupanda alifundishwa na mama yake, kwa kubeba samadi na kupalilia kahawa. Baadaye akawa anauza miche kando ya barabara. Siku moja kijana wa kamera akaja kununua mche wa parachichi. Akaondoka na mche, na Mektrida akaondoka na kipindi.

Lakini wasikilizaji, leo hatutasema matamu peke yake. Gladys mwenyewe ametuomba tusimulie na hili, kwa sababu bado halijaisha.

Kule Kirua Vunjo yuko mama mmoja kijana, anaitwa Rachel. Ana mtoto mchanga. Mumewe ni Isack. Wanaishi kwenye kihamba ambacho marehemu baba mkwe aliwagawia wanawe wawili: Isack, na kaka yake mkubwa, Ndelilio. Kati ya nyumba hizo mbili baba alipanda masale. Kila mtoto wa mlimani anayajua masale, yale majani marefu yanayoonyesha mwisho wa shamba lako na mwanzo wa shamba la mwenzako.

Rachel alikuwa hakosi kipindi cha Mektrida. Ndicho kilichomliwaza siku za uzazi, amekaa ndani na bakuli lake la mtori, mvua inanyesha. Jumamosi moja Mektrida alionyesha njia ya kuingilia nyumbani kwake, masale yamepangwa huku na huku. Yalipendeza kweli. Akasema, "Chukua yenye mizizi, hushika haraka." Hakusema kwamba yake aliyanunua kwenye kitalu.

Rachel alijua masale ni mpaka. Ila alijiambia, hawa ni ndugu wa tumbo moja, mpaka wa nini tena? Akang'oa mstari mzima, kuanzia nyuma ya nyumba hadi kwenye mfongo, ule mfereji wa maji. Akayapanda mlangoni. Mvua za masika zikasawazisha udongo, pakawa kama hapajawahi kuwa na kitu.

Ndelilio aliporudi kutoka safari alikuta mstari haupo. Kisha akamwita mdogo wake.

"Baba alipanda haya mimi na wewe tumesimama pembeni. Leo mkeo ameyafanya maua?"

"Tutayarudisha, kaka."

"Yalipokuwa. Si karibu na yalipokuwa. Yalipokuwa."

Wakayarudisha. Ndelilio akasema yameingia kwake hatua nzima. Wakayahamisha. Isack sasa akasema yameingia kwake. Aliyejua mstari alikuwa baba, na baba hayupo. Salamu zikakatika. Zamu ya maji ya mfongo ikawa ugomvi. Rachel akisema "shikamoo, shemeji," shemeji anatazama migomba.

Halafu Isack, bila ukali, akamwambia, "Nenda kwanza kwenu na mtoto. Mambo yapoe."

Rachel alimwelewa. Amewaona wanawake waliotelemka na mabegi kusubiri mambo yapoe, wasiitwe tena. Akaomba siku chache. Akachukua simu, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kipindi cha Mektrida, mtoto analia nyuma yake.

"Mama alikuwa anakula," Gladys anasimulia. "Akausikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini. Akasema, masale ya huyu nimeyang'oa mimi. Nikamwambia, mama, daktari amekukataza vilima. Akanijibu, daktari hajawahi kung'oa masale ya watu."

Akapanda Kirua. Alianzia kwa Ndelilio, ameshika jani la isale lililofungwa fundo, kama wazee wetu wanavyofanya wakienda kuomba msamaha. Ukiletewa jani hilo hulikatai. Ndelilio alilipokea kwa mikono miwili.

"Kwako nimepokea, mama. Mpaka bado haujarudi."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimevaa kanga ya shambani."

Akapiga magoti pale penye ubishi, akaanza kuchimba kwa vidole. Rachel akaleta jembe, akakatazwa. Mama akachomoa kizizi cheupe, akakitupa. "Huu mgomba." Akachimba tena, akatoa kipande kidogo chenye rangi ya chungwa. "Hili ndilo isale. Ukiling'oa kwa haraka, linakuachia vidole vyake chini. Vifuate hivi mwanangu, usivikate. Vitakuonyesha baba yenu alisimama wapi."

Walifuata mizizi hiyo mpaka usawa wa jiko. Hapo Mektrida akakaa chini, jasho linamtoka, hawezi kusema. Gladys akamtelemsha kwa gari. Hakupanda mlima tena.

Jana Rachel alikuwa Kilema mazikoni. Aliporudi akamfunga mtoto mgongoni, akaendelea kuchimba. Amebakiza kipande cha mwisho cha mpaka, karibu na mfongo. Pale udongo ni mzito, mizizi mingine imeoza. Kuna wakati anachimba wiki nzima hapati kitu. Jana uchovu ukamzidi, akanyanyua jembe.

"Litakata hilo." Ni Ndelilio, amesimama upande wake.

"Shikamoo, shemeji."

Safari hii hakutazama migomba. "Marahaba. Tumia mkono." Akakunja suruali, akachuchumaa ng'ambo, akaanza kuchimba na yeye.

Hatuwezi kuwaambia kwamba yamekwisha. Isack bado hajasema kama Rachel abaki au aende kwao. Mpaka tunaingia hapa studio, kile kipande cha mwisho kilikuwa hakijaonekana.

Mzee Leodegar, mume wa marehemu, na wewe Gladys, poleni sana. Mama yenu alikuwa wa nyumba nyingi. Mungu awape nguvu, na ampumzishe kwa amani.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tuendelee kupanda kwenye ndoo na magunia, kama alivyotufundisha. Ila leo, kabla hujang'oa kitu uani kwako, tafuta mmea mmoja ambao hukuupanda wewe. Uliza aliupanda nani, na kwa nini aliuweka hapo. Kama aliyeupanda yu hai, nenda kamuulize yeye mwenyewe, jioni hii hii. Rachel na shemeji yake hawana wa kumuuliza. Wamebaki na udongo.