Bustani ya Kusubiria Mihogo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Baba Paroko, ndugu wageni waalikwa, na akina mama wa Bukima mlioilima bustani hii:

Nimeombwa nizungumze kwa kuwa mwaka 1985 nilikuwa hapa, nikiandikia gazeti habari za njaa. Nitasema nilichokiona, na kwa nini Mama Nyamburi, mwenye boma hili, ameomba bustani ifunguliwe wiki hii na si baada ya mavuno.

Mwaka ule mvua ilikatika. Mahindi yalikauka, ukabaki muhogo mchungu. Kazi yake mmezaliwa mkaikuta: unaumenya, unaurundika, unaufunika mpaka uote ukungu, unaukwangua, ndipo unauanika uwe udaga.

Lakini masharti ya biashara yalikuwa yameanza kulegezwa, na malori yakaja kutoka mjini. Udaga uliokamilika ukapakiwa, kwa sababu sabuni na nguo zilikuwa zimerudi dukani na watu walikuwa wamezikosa mno. Nani angewalaumu? Nyumbani ukabaki muhogo wa juzi. Boke, binti wa Mama Nyamburi, akamwuliza mama yake, "Sasa sisi tunakulaga nini tukisubiri?" Wakautoa rundoni kabla haujawa tayari, wakauanika, wakasaga, wakala.

Asubuhi moja Boke alishindwa kusimama. Miguu ilikuwa imekakamaa. Alikuwa mtoto wa darasa la pili, na hakuwa peke yake kijijini. Wapo waliotafuta mchawi. Bibi mmoja jirani akasingiziwa, akatukanwa mpaka akahama. Daktari aliposema ni sumu ya muhogo ulioharakishwa, bibi yule alikuwa ameshafia ugenini.

Tangu hapo Mama Nyamburi alianza kupanda. Migomba aliiweka yanapomwagikia maji ya kuoga, kunde katikati ya mbaazi, viazi vitamu mtelemkoni, na majani makavu juu ya udongo ili unyevu usikimbie. "Zamani nilikuwa nawazaga chakula cha kushiba," aliniambia. "Hiki ni cha kusubiria."

Je, kinatosha? Jana lori lilionekana tena mnadani, na nyumba mbili zimeshafunua marundo ya muhogo kabla ya wakati. Mnajijua, sikuja kuwataja.

Kamati ilitaka bustani ipewe jina la Boke. Mama akakataa: "Msimfanye marehemu. Yupo, na anapika."

Ni kweli. Yule pale jikoni, fimbo yake imeegemea ukuta. Miguu haikupona, na daktari alishasema haitapona. Tangu alfajiri anapika kunde na viazi vya hapa, na sufuria imezidi idadi ya wageni. Mheshimiwa, hatuna utepe wa kukata. Tunaomba uanze kunawa. Nanyi wa zile nyumba mbili, leteni watoto waje kula hapa leo, na kesho, mpaka udaga wenu uwe tayari. Ila kwanza, rudini mkafunike marundo. Sisi tutawangoja.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.